Moshi wa Malori na Askari wa Barabarani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Malaba)



Leo twataka kusema habari za mtu ambaye si mwenzetu katika chama, wala hana ruhusa ya kuingia chama chochote cha wafanyakazi: askari wa trafiki asimamaye barabarani hapa Malaba na kule Busia. Wengine mtanung'unika. Siku za mgomo askari ndiye husimama mbele yetu na rungu. Ni kweli, hatujasahau. Lakini mapafu yake ni kama yetu.

Sisi wa reli twaujua moshi. Injini ya dizeli ikinguruma karibu na banda, jioni ukipenga kamasi hutoka nyeusi. Walakini treni hupita ikaenda zake. Malori hayapiti. Hupanga mstari kungojea forodha, na dereva hazimi injini, maana kila mara husogea hatua mbili. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa Korona, mstari wa Malaba ulikwenda kilomita nyingi. Askari alikuwa katikati yake kutwa.

Moshi huu si harufu mbaya tu. Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Chembe zake ni ndogo mno: thelathini zikipangwa hazizidi unene wa unywele mmoja. Kitambaa puani hakizizuii. Huingia ndani kabisa ya mapafu, na moyo nao hudhurika.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake. Lakini nani atadai? Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huohuo iliwaacha polisi nje. Basi tawi letu liandike barua: askari wapokezane zamu fupi, asisimame mmoja kutwa, wapimwe mapafu kila mwaka, na lori lililosimama lizime injini. Hilo la mwisho litawafaa pia wabadili fedha, akina mama wauza njugu, na madereva wenyewe, ambao dizeli hawapewi bure.

Barua iko tayari kwa karani. Wanaokubali wabaki baada ya mkutano waweke sahihi. Asiyejua kuandika, wino wa kidole gumba upo.