Mahali pa Kuchezea Watoto Wetu: Tuliyojifunza Busia, Malaba na Mulanda

Maneno ya Kamati ya Jamii, yaliyosomwa mbele ya wakaaji wa makazi ya Kiryandongo siku ya ukumbusho wa kufika kwetu Uganda

 

Siku kama ya leo hukumbuka njia tuliyopita. Leo tumeombwa kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni mahali pa kujenga uwanja ambao vijana wetu wameuomba. Walipoleta ombi lao mara ya kwanza waliandika "uwanja wa sketi". Mama mmoja mjumbe akauliza, "Hizo sketi zitashonwa uwanjani au zitauzwa?" Tulicheka sana, kisha vijana wakatueleza. Skeitibodi ni ubao mfupi wenye magurudumu manne madogo. Mtu husimama juu yake akateleza. Uwanja wake ni sakafu ya saruji iliyolainishwa, yenye miteremko na vilima vidogo.

Wengine wetu walisema hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini hapa hapa Uganda, katika mtaa wa Kitintale mjini Kampala, kijana mwenyeji Jackson Mubiru na mwenzake Shael Swart walianza kujenga uwanja wa namna hiyo mwaka 2006, kwa kujitolea na vijana wa mtaa. Husemwa kuwa ndio wa kwanza Afrika Mashariki. Huko kwetu Kenya, nyumba ya watoto ya Shangilia iliyoko Kangemi, Nairobi, ilipata wake mwaka 2013. Na mjini Amman, nchini Yordani, uko uwanja uliojengwa mwaka 2014 ambapo watoto wa wakimbizi huteleza pamoja na watoto wa mji. Basi jambo lenyewe linawezekana. Linalotugawa ni mahali.

Ndugu zetu, kabla ya kuwaambia kamati imefikiri nini, turuhusuni turudi nyuma kidogo. Sisi tuna deni katika jambo hili.

Matokeo ya uchaguzi wa Kenya yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na nchi ikawaka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Mamia ya maelfu waliacha nyumba zao, na maelfu kati yetu tukavuka mpaka, wengine kwa Busia, wengine kwa Malaba. Tulilala mahali popote palipokuwa na paa. Wenyeji wa upande wa Uganda walitupa maji na uji kabla hata hatujaandikwa majina. Hilo hatutalisahau.

Wakati huo barabara ilikuwa kimya. Malori yalikwama upande wa Kenya kwa sababu ya vurugu, na mafuta yakawa haba Uganda. Watoto wetu waliiona lami iliyonyooka, haina gari, wakaifanya uwanja. Wavulana waliunda vigari vya mbao wakavifunga beringi kuukuu, wakawa wanateremka navyo wakipiga kelele za furaha. Sisi wazazi tuliwatazama tukashukuru kwamba angalau wao wanacheka. Tulikuwa na foleni za chakula, foleni za kuandikishwa, na kutafuta ndugu waliopotea. Mahali pa kuchezea hapakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Kisha malori yakarudi. Mtoto mmoja wa miaka minane, aliyekuwa amezoea barabara ile kuwa yake, aliteremka na kigari chake kama kila siku. Dereva alijitahidi kukwepa, lakini mguu wa mtoto ulivunjika mahali pawili. Dereva yule hatumlaumu hata kidogo. Hiyo barabara ilikuwa ya malori, na aliyewaachia watoto wacheze pale si yeye, ni sisi. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, bado anachechemea, na leo amekaa hapa katikati yetu. Ametupa ruhusa kulisema hili ila jina lake tusilitaje.

Baadaye mwaka huo wa 2008 tulikuwa Mulanda, katika wilaya ya Tororo, kwenye kambi ya mpito. Safari hii tuliulizwa, "Watoto wachezee wapi?" Tukaona tumepata akili. Tulionyesha kwa kidole mahali palipokuwa wazi, pasipo hema wala shimo. Hatukumwuliza mwenyeji hata mmoja. Mvua za Machi zilipoanza, tulijua kwa nini palikuwa wazi: maji yote ya upande ule yalipita pale pale. Uwanja ukawa kinamasi, na watoto wakarudi kucheza njiani. Tangu hapo tunasema hivi: mahali palipo wazi hapakosi sababu ya kuwa wazi. Iulize kwanza sababu hiyo.

Sasa tuje Kiryandongo, tulikohamishiwa, na ambako leo tunaishi na ndugu zetu wa Sudan Kusini, wa Sudan, wa Kongo na wengine. Kamati ilipewa mahali patatu pa kuchagua.

Mahali pa kwanza ni kiwanja kilicho karibu na ofisi, ambapo watu hukusanyika siku za mgawo. Ni tambarare, na mgeni akija anakiona mara moja. Baadhi ya watumishi wa mashirika walikipenda kwa sababu hiyo. Tunasema kwa heshima: kuonekana na wageni si kazi ya uwanja. Siku ya mgawo watu watasimama juu yake, baiskeli na magunia vitawekwa juu yake, na watoto wataambiwa waondoke. Tena uwanja ukiwa kando ya foleni, kila ugomvi wa foleni utahamia uwanjani.

Mahali pa pili ni upande wa barabara kuu iendayo Gulu, karibu na biashara za Bweyale. Hapa ndipo vijana wengi walipopataka. Wanasema kuna watu, kuna soda, kuna taa jioni. Tumewasikiliza na hatuwadharau, maana uwanja usiopendwa na vijana utakuwa sakafu ya kuanikia mahindi. Lakini ubao wa magurudumu ukimtoka mtu miguuni haugeuki. Huenda mteremko unakokwenda, na mtoto huukimbilia. Ardhi pale inateremkia barabarani. Sisi tuliokuwa Malaba hatuwezi kutia sahihi yetu hapo.

Mahali pa tatu ni kile kipande kilicho mpakani mwa makazi na kijiji cha wenyeji, ambapo watoto wa pande zote mbili hupita asubuhi wakienda shule. Kina kasoro zake, na tutazitaja. Lakini ndicho kamati inachowaombea ninyi mkikubali. Sababu zetu ni hizi.

Kwanza, maji na udongo. Hatukuamini macho safari hii. Tuliwauliza wazee wa kijiji mvua hupita wapi, kisha vijana wakachimba mashimo manne ya kina cha mkono mmoja. Udongo ni wa murami mwekundu. Haukuwa ule mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Juu ya udongo mweusi sakafu ya saruji hupasuka hata ikimwagwa na fundi hodari. Mteremko ni mdogo, nao unaelekea kwenye majani, si kwenye njia. Sakafu yenyewe itahitaji kushuka kama sentimita moja kwa kila mita ili maji yasisimame.

Pili, gharama. Sakafu ya mita 20 kwa 15, yenye unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 30 za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, hiyo ni karibu mifuko 200 ya kilo 50, bado hatujahesabu vilima na nondo. Tunawatajia hesabu hii ili mtu asidhani ni jambo la mchana mmoja, wala shirika lisituletee mifuko 50 likapiga picha. Zege likishamwagwa linataka kuloweshwa maji siku 7 kwa uchache, na hufikia nguvu zake baada ya siku 28. Maji hayo yasichotwe kwenye bomba ambalo akina mama wanapanga foleni. Kwa hiyo tumeomba kazi ifanyike wakati ambapo mvua zinaelekea kwisha, na matangi ya kukingia yawekwe mapema.

Tatu, wasichana. Tuliwaita peke yao, bila wavulana, na kuwauliza ni wapi wao wangeweza kwenda. Walituambia mambo matatu: mahali panapoonekana kutoka majumbani, pasipo karibu na wauza pombe, na penye choo chenye mlango unaofungwa. Mahali pa tatu panaonekana kutoka pande zote mbili. Choo hakipo. Hiyo ni kasoro, na tumeandika kwamba choo kijengwe kabla ya sakafu, si baada yake.

Nne, wenye ulemavu. Mtu wa kiti cha magurudumu naye hupenda sakafu laini kuliko sisi sote. Njia ya kuingilia isiwe na ngazi.

Tano, ardhi yenyewe. Hapa ndipo penye ugumu mkubwa. Ardhi ya makazi iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na bila idhini ya kamandanti hatuchimbi hata shimo la mti. Upande wa pili ni wa majirani, ambao wamekwisha kuona wageni wakija mwaka hata mwaka na mashamba yakibanana. Wametuuliza kwa haki, "Uwanja huo ni wenu au ni wetu?" Tumejibu kwamba ni wa watoto wa pande zote mbili, na tunataka jibu hilo liandikwe na kutiwa sahihi na pande zote kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa.

Wako waliotuonya kwamba mpaka huleta magomvi. Ni kweli. Lakini sisi tumepita Busia. Pale mji mmoja una nchi mbili, na watu huamkia upande mmoja wakauza samaki upande wa pili. Neno boda-boda lenyewe limezaliwa kwenye mpaka ule, kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Kwa hiyo magurudumu yalikwisha kututangulia katika kuunganisha pande mbili.

Sasa tuseme neno la mwisho, ambalo ni zito. Mzee mmoja wetu alisimama katika kikao akasema, "Mkimwaga saruji mmekubali kwamba hatutarudi. Hema hung'olewa, saruji haing'olewi." Kikao kilinyamaza. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu wengi wetu tulikuwa na wazo hilo hilo moyoni.

Tumelifikiri neno lake kwa siku nyingi. Jibu letu, mzee wetu, ni hili. Tulipokuwa mpakani tulidhani ni siku chache. Tulipokuwa Mulanda tulidhani ni majuma machache. Kwa kungoja hivyo hatukuwajengea watoto kitu, na wale watoto sasa wana watoto wao. Utoto hauwekwi akiba mpaka vita viishe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya na Uganda zote ziliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukusema akisharudi kwao.

Na ndiyo maana tumechagua mpakani. Tukipewa neema ya kurudi nyumbani, kile tulichojenga katikati ya kambi kitabaki magofu porini. Kilicho mpakani kitabaki kwa watoto wa waliotupokea, nasi tutakuwa tumelipa sehemu ya uji ule wa Busia na Malaba. Saruji yenyewe huenda ikatoka Tororo, kwenye kiwanda kilicho karibu na mwamba ule tuliouona kwa mbali tulipokuwa kwenye malori.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tutapima kiwanja cha tatu. Anayekipinga na aje aseme pale pale, tukiwa tunakitazama. Wengine njooni na kamba, vigingi na majembe. Atakayeshika ncha ya kwanza ya kamba ni yule ndugu yetu aliyevunjika mguu mwaka 2008. Mwenyewe ameomba kazi hiyo. Anasema anataka kuona kwa macho yake kwamba mteremko hauelekei barabarani.

 Mungu awabariki ninyi, na waliotupokea, na tuliowaacha njiani.