Faili Lisilokamilika: Askari Aliyefukuzwa, Akili Iliyojeruhiwa na Haki ya Kusikilizwa Upya



Nimekuja kuzungumzia karatasi. Nchini Marekani, askari anapoondoka jeshini hupewa fomu iitwayo DD 214, na kisanduku chake cha 24 hutaja namna alivyoachishwa. Kuna kuachishwa kwa heshima, na kuna daraja la chini yake ambalo bado limo ndani ya masharti ya heshima. Kisha kuna kuachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima. Chini kabisa zimo adhabu mbili, ya mwenendo mbaya na ya kufukuzwa kwa aibu, ambazo hutolewa na mahakama ya kijeshi peke yake. Lile daraja la tatu aghalabu hutolewa na makamanda kwa njia ya kiutawala, pasipo kesi, na ndilo litakaloshika sehemu kubwa ya maneno yangu. Askari wenyewe humwita aliyeachishwa hivyo mtu mwenye karatasi mbaya.

Karatasi hiyo humfuata mtu maisha yake yote. Humnyima fedha za masomo ambazo Wamarekani wamekuwa wakiwapa askari wao wa zamani tangu sheria ya mwaka 1944. Huweza kumfungia mlango wa fidia ya ulemavu na wa sehemu kubwa ya matibabu ya serikali. Mwajiri akiiomba aione, husoma kisanduku cha 24, kisha hushuka hadi cha 28 ambako sababu imeandikwa kwa maneno machache: utovu wa nidhamu. Hapo mazungumzo ya kazi huwa yamekwisha.

Hoja yangu usiku huu ni kwamba bodi ya kijeshi inapopitia upya kuachishwa kwa askari ambaye akili yake ilijeruhiwa, haimgawii sadaka. Inamalizia uchunguzi ambao jeshi liliukatiza. Hukumu ya kwanza ilitolewa wakati ushahidi muhimu kuliko wote haupo mezani, na mara nyingi haukuwapo kwa sababu ugonjwa wenyewe uliuficha.

Nianzie mbali kidogo, Ufaransa, mwaka 1916. Harry Farr alikuwa askari wa Uingereza katika kikosi cha West Yorkshire. Mwaka 1915 alilazwa hospitali kwa miezi mitano kwa ugonjwa ambao siku hizo uliitwa mshtuko wa mizinga. Alikuwa akitetemeka mno. Wakamwona amepona kwa macho tu, wakamrudisha mstari wa mbele. Mwezi Septemba 1916, katika mapigano ya Somme, alisema hawezi kusonga tena. Mahakama ya kijeshi ilimsikiliza kwa takriban dakika 20, bila mtu wa kumtetea. Daktari aliyemjua hakuweza kufika kutoa ushahidi kwa kuwa naye alikuwa amejeruhiwa. Tarehe 16 Oktoba alipigwa risasi na wenzake. Mjane wake alinyimwa pensheni.

Ilichukua miaka 90. Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowasamehe askari 306 waliouawa kwa makosa ya namna ile, na binti yake Farr, akiwa na miaka 93, alikuwa hai kusikia. Nampa heshima kila aliyepigania msamaha huo. Hata hivyo someni sheria yenyewe: inasema wazi kwamba msamaha haugusi hatia wala adhabu. Jina limesafishwa, na hukumu imebaki palepale kwenye kumbukumbu. Huo ndio upungufu wa msamaha, na ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya mapitio.

Marekani nayo ilipitia njia yake ndefu. Vita vya Vietnam vilikwisha mwaka 1975, lakini chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyo hakikuingiza ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe katika mwongozo wake wa magonjwa hadi 1980. Maana yake ni kwamba askari aliyetoroka kambi mwaka 1970 kwa sababu kila ndege ikipita usiku alijiona yuko tena msituni, alihukumiwa na watu ambao hawakuwa na jina la kuuitia ugonjwa wake. Tarehe 21 Januari 1977, siku yake ya kwanza kamili ofisini, Rais Jimmy Carter aliwasamehe vijana waliokwepa kuandikishwa jeshini, wakiwemo waliokimbilia Kanada. Waliokwenda vitani, wakarudi wakiwa wameharibika, kisha wakatoroka kambini, hawakuwemo katika tangazo lile. Wao waliambiwa waombe, mmoja mmoja. Siwaonei wivu waliosamehewa. Nasema tu kwamba mizani ile haikukaa sawa, na maelfu wamezeeka nayo.

Halafu zikaja Iraq na Afghanistan, wakati ambapo ugonjwa ulikuwa na jina, vipimo na madaktari. Mtu angedhani mambo yamebadilika. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu askari 91,764 walioachishwa kwa utovu wa nidhamu kati ya mwaka wa fedha 2011 na 2015. Wapatao 57,141, yaani asilimia 62, walikuwa wamegunduliwa katika miaka miwili kabla ya kuachishwa kuwa na msongo wa baada ya kiwewe, jeraha la ubongo au maradhi mengine yanayoweza kuhusiana na mwenendo wao. Na 13,283 kati ya hao walitoka na kuachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima. Hawa hawakuwa wagonjwa wasiojulikana. Ugonjwa wao ulikuwa umeandikwa na daktari wa jeshi lilelile lililowafukuza. Faili moja lilikuwa hospitali, faili la pili kwa kamanda, na mara nyingi mno hayakukutanishwa. Wakaguzi walionyesha pia kwamba baadhi ya matawi ya jeshi huenda hayakufuata taratibu zake yenyewe za kuwapima askari kabla ya kuwaachisha.

Jambo hili hutokeaje? Nimchukue askari wa mfano. Mtu huyu nimemtunga, lakini mafaili yamejaa wa namna yake. Ana miaka 21, amerudi kutoka Iraq ambako bomu la kutegwa barabarani lililipua gari lililotangulia la kwake. Halali. Akipata usingizi saa kumi alfajiri, gwaride la asubuhi linampita, na anaandikwa kwa kuchelewa. Anavuta bangi ili alale, kisha mkojo wake unapimwa. Sajenti anamfokea mbele ya wenzake, naye anajibu kwa matusi ambayo mwaka mmoja nyuma asingethubutu kuyatamka. Yote haya yamo kwenye faili la kamanda, kila moja na tarehe yake. Bomu halimo. Anaitwa ofisini, anaambiwa achague: kusimama mbele ya mahakama ya kijeshi na pengine kufungwa, au kuomba mwenyewe aachishwe. Anataka kwenda nyumbani. Kambini kuna uvumi ulioishi miaka mingi kwamba baada ya miezi sita karatasi mbaya hugeuka nzuri yenyewe. Ni uongo, lakini anauamini. Anatia saini.

Mtazameni kijana huyu kwa macho ya daktari. Kukosa usingizi, hasira ya ghafla, kukwepa watu, kutafuta kilevi cha kutuliza kichwa: hizo ni dalili ambazo wanafunzi wetu wa udaktari huzisoma darasani. Orodha ya makosa ya kamanda na orodha ya dalili za daktari zinaingiliana karibu mstari kwa mstari. Kila mwandishi aliona nusu yake.

Mageuzi yalikuja kwa kusukumwa. Mwanzoni mwa 2014 wakongwe wa Vietnam, wakisaidiwa na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Yale, walikwenda mahakamani. Tarehe 3 Septemba mwaka huohuo Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel, ambaye mwenyewe alipigana Vietnam akiwa askari wa vyeo vya chini na kujeruhiwa mara mbili, alitoa waraka ulioziagiza bodi za kurekebisha kumbukumbu za kijeshi ziyaangalie maombi ya watu wenye msongo wa baada ya kiwewe kwa moyo mpana. Mwishoni mwa 2016 Bunge likaliingiza agizo hilo katika sheria. Tarehe 25 Agosti 2017 ukatoka waraka wa A. M. Kurta, aliyekuwa akikaimu nafasi ya juu katika wizara hiyo, na kwangu mimi huo ndio wenye uzito zaidi.

Waraka wa Kurta unaweka maswali manne. Je, askari alikuwa na hali ya kiafya, au alipatwa na jambo kama kushambuliwa kijinsia, linaloweza kueleza mwenendo wake? Je, lilimpata akiwa jeshini? Je, kweli linaupunguzia mwenendo ule uzito? Na je, linaushinda uzito wa kosa lenyewe? Kisha waraka unasema mambo ambayo mwanasheria wa zamani angeyashangaa. Maelezo ya askari peke yake, kwa mdomo au kwa maandishi, yanaweza kutosha kuthibitisha kwamba hali hiyo ilikuwapo. Kuachishwa kwa heshima hakudai utumishi usio na doa. Na kosa lenyewe lililomfukuzisha mtu linaweza kuwa ushahidi wa ugonjwa wake. Kwa muda mrefu bodi zilisoma kuchelewa, bangi na matusi kama sababu za kumkatalia mwombaji; sasa zimeagizwa zijiulize kama hizo ndizo dalili.

Kuna pingamizi, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Maofisa huniambia: wenzake askari kama huyo walikuwa katika msafara uleule, waliuona mlipuko uleule, na hawakutukana mtu. Nawajibu kwamba wawili hulala chumba kimoja chenye mbu walewale, mmoja akaamka na malaria na mwingine akaamka mzima. Hakuna anayemwambia mgonjwa kwamba homa yake ni uhuni. Wanaongeza kwamba nidhamu italegea. Hofu hiyo naielewa, kwa maana jeshi lisilo na nidhamu ni hatari kwa raia kabla ya kuwa hatari kwa adui. Lakini waraka huohuo unasema kwamba kosa lililopangwa kwa makusudi kwa kawaida halisamehewi kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na swali la nne lipo ili kosa zito lipimwe kwa uzito wake. Aliyemuumiza mtu asiye na hatia hafutiwi kwa cheti cha daktari peke yake.

Ninachokilalamikia mimi ni upande wa pili. Mzigo wa kukusanya ushahidi umeachwa juu ya mabega ya mgonjwa. Bodi ya mapitio hupokea maombi ndani ya miaka 15 tangu kuachishwa. Baada ya hapo mtu huenda bodi ya kurekebisha kumbukumbu, ambayo muda wake ni miaka mitatu tangu kosa la kumbukumbu lijulikane, ingawa bodi inaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki. Anatakiwa atafute faili la utumishi, faili la hospitali, barua za wenzake wa kikosi. Tunamwomba mtu ambaye ugonjwa wake humfanya akwepe kila kinachomkumbusha vita, aketi kitako avisome vita vyake ukurasa kwa ukurasa. Kwa wazee wa vita vya Korea hali ni chungu zaidi: tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika kituo cha kumbukumbu huko St. Louis, ukateketeza mamilioni ya mafaili ya askari wa nchi kavu na wa anga. Kumbukumbu zilikuwa mikononi mwa serikali zilipoungua. Kwa nini askari ndiye abebe hasara ya moto ule?

Naona bodi ndizo zinazopaswa kuyatafuta mafaili, kwa sababu zina mamlaka na zinajua yalipo. Kesi mbili za kundi huko Connecticut, moja dhidi ya jeshi la nchi kavu na nyingine dhidi ya jeshi la majini, zilimalizika kwa mapatano mwaka 2021 na 2022, na bodi zikalazimika kuyafungua tena maombi mengi ziliyokuwa zimeyakataa. Kama ilihitajika kesi mahakamani ili bodi zifuate nyaraka za wizara yao, basi wema wa nyaraka peke yake hautoshi.

Baadhi yenu mtauliza haya yanatuhusu nini sisi. Kuanzia mwisho wa mwaka 2008 hadi 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa katika orodha hiyo. Vijana wa Afrika Mashariki waliingia kwa mlango huo, na wengine wengi wameingia kwa kadi ya ukaazi. Wengi walipata uraia haraka kwa sababu ya utumishi wao. Sheria ya uraia inaeleza kwamba aliyeupata kwa njia hiyo anaweza kuvuliwa endapo ataachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Kwa kijana wetu, kisanduku cha 24 kinaweza kuamua hata nchi atakayoishi.

Na hapa familia zina kazi ya kufanya, kwa kuwa nyaraka zile za wizara zinawataja ndugu, marafiki na viongozi wa dini kuwa mashahidi halali. Mama aliyepigiwa simu usiku wa manane na mwanawe aliyekuwa akilia bila kusema kitu, dada aliyeona kaka mcheshi amerudi likizo akikaa ameegemea ukuta na kuukodolea macho mlango, imamu au mchungaji aliyefuatwa kwa maombi: hao waliona kile ambacho kamanda hakukiandika. Waandike. Waeleze alivyokuwa kabla ya kwenda, na lini walianza kuona mabadiliko, mwaka na mwezi kama wanakumbuka. Waeleze walichokisikia kwa masikio yao na kukiona kwa macho yao, wala wasijaribu kutaja ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari. Wasifiche ulevi wala ugomvi kwa kuona haya, maana huenda hilo ndilo litakaloeleza kosa lililomo kwenye faili. Barua iliyoandikwa kwa Kiswahili iambatane na tafsiri yake ya Kiingereza iliyotiwa saini na mfasiri, na itumwe pamoja na fomu ya maombi. Maombi mengi huamuliwa kwa makaratasi tu, na kisichokuwamo katika makaratasi hayo hakuna atakayekisoma.