Kipande Kilichosalimika
(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya sayansi, ingawa kazi yangu Serikalini ni ya mafaili. Nitazungumzia panya, mionzi na damu.

Chembe nyekundu za damu ya binadamu huishi siku zipatazo 120. Za panya wa maabara, kama 40. Zikichakaa, nyingine hutoka katika uboho ulio ndani ya mifupa. Kwa panya, hata bandama hutengeneza damu. Chembe zilizokomaa hazigawanyiki tena, kwa hiyo mionzi haiziui upesi. Zinazokufa ni chembe changa zinazogawanyika. Ndiyo maana mnyama aliyepigwa mionzi haishiwi damu siku ile ile: kiwanda kimefungwa, lakini ghalani bado mna akiba.

Mwaka 1949, huko Chicago, Marekani, Dakta Leon Jacobson na wenzake waliwapiga panya mionzi ya kuua, mwili mzima isipokuwa bandama, waliyoikinga kwa madini ya risasi. Wengi walipona, na uboho wao ukaanza kazi tena. Kukinga mguu mmoja nako kulisaidia.

Kwa nini? Jacobson alidhani bandama ilitoa kemikali ya kuuamsha uboho. Lakini mwaka 1956 watafiti wa Harwell, Uingereza, waliwadunga panya waliopigwa mionzi uboho wa wenzao wenye kromosomu ya alama. Panya walipopona, chembe zilizokuwa zikigawanyika ndani ya uboho wao zilikuwa na alama ile ile. Kumbe chembe mama zenyewe ndizo zilizosafiri na kuota upya! Jaribio la Chicago lilibaki sahihi. Maelezo yake ndiyo yaliyobadilika.

Kwa hiyo mionzi ikipiga mguu mmoja tu, uboho wa pale hupungukiwa, na mifupa mingine huongeza kazi kuufidia. Kipimo kisipozidi, chembe kutoka kwingine huhamia pale. Kikizidi, mafuta hushika nafasi ya uboho. Hii ni sababu mojawapo inayomfanya daktari wa saratani aelekeze mionzi penye ugonjwa, na kuiepusha mifupa mizima kadiri awezavyo.

Vijana, msione haya jibu lenu la kwanza likipinduliwa na jaribio la pili. Wagonjwa wengi wako hai kwa sababu ya mapinduzi ya namna hiyo.