Aliyenyang'anywa kwao tumwiteje?

Wasikilizaji wapenzi, Waswahili husema mkataa kwao ni mtumwa. Msemo huu tumeulelewa, na tunautumia kuwasuta wale ambao wakishafika mjini hujifanya hawawajui ndugu zao. Juma hili nataka tuutazame upande wa pili. Je, mtu aliyenyang'anywa kwao akiwa bado mtoto, yeye tumwiteje? Na wajukuu wanaoificha habari hiyo, tuwaiteje?

Nauliza kwa sababu ya bibi yangu mzaa baba, aliyefariki mjini Tabora mwaka 2004. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Yeye alisema tu kwamba alizaliwa Wabelgiji wakishaondoka. Wabelgiji waliiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, wakaiachia mikononi mwa Waingereza mwaka 1917. Basi alikuwa na miaka 80 na ushei.

Abiria wengi wa treni walikula vitu vya bibi yangu bila kumjua jina. Aliuza karanga, maembe na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, pale stesheni ya Tabora ambapo reli ya Kigoma na ya Mwanza huachana. Treni ikichelewa, wenzake walinung'unika, yeye alimshukuru Mungu: abiria mwenye njaa habishanii bei. Kwa karanga hizo alisomesha watoto wanne, naye hakujua hata kuandika jina lake.

Jioni, akichambua karanga za kesho, alitusimulia wajukuu habari za mama yake. Mama yake alitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Aliletwa mgongoni mwa mama yake, nyuma ya msafara. Walivuka ziwa, wakafika Ujiji, wakatembea hadi Tabora, na hapo wakabaki katika nyumba ya mtu aliyewanunua. Mtoto akakua humo akitwanga na kuchota maji. Kwao alibakiwa na wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto, ambao maneno yake hakuna aliyeyaelewa nyumbani kwetu, na bibi aliuimba hivyo hivyo.

Ndugu zangu, njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na Tabora ilikuwa njia panda yake. Si kila aliyeipita alikuwa mtumwa. Wanyamwezi kwa maelfu walikuwa wapagazi wa ujira, mtu na mzigo wake wa kilo 30 au zaidi begani, naye akijivunia kuiona pwani. Babu yangu alitoka katika ukoo wa wapagazi hao. Nyumbani kwetu habari za wapagazi zilisimuliwa sebuleni mbele ya wageni. Habari za Manyema zilisimuliwa uani.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya kale. Si ya kale kiasi hicho. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara utumwa uliendelea. Wajerumani hawakuufuta. Walichoamuru ni kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa katika Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Maana yake ni kwamba bibi yangu, aliyeniosha uso na kunipeleka shule, alizaliwa karibu na mwaka ule ambao sheria ilitamka kwamba mama yake si mali ya mtu.

Siku ya arobaini yake ukoo ulikutana. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nasomea uandishi wa habari, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Nikaandika kama alivyotueleza. Baba mkubwa aliposoma karatasi yangu alinivuta pembeni.

"Mwanangu, hapa pa Manyema paondoe. Kuna wakwe hapa."

"Baba, bibi mwenyewe ndiye aliyetueleza."

"Alieleza watoto. Hakueleza watu."

Shangazi yangu mkubwa alikuwa karibu, akipanga sahani. Hakugeuka. Alisema, "Soma, mwanangu. Aliyeiba hakuona haya, aliyeibwa aone haya ya nini?"

Nikasoma. Baba mkubwa alitazama chini hadi nilipomaliza, na wageni wawili waliondoka bila kuaga. Lakini mzee mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, alinishika mkono akauacha ndani ya wake kwa muda. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Na kwetu ni hivyo hivyo." Alikuwa hajawahi kuwaambia wanawe.

Wapenzi wasikilizaji, vitabu vinatupa majina ya njia ile: Mirambo, Isike, Tippu Tip, Livingstone, Stanley. Nyumba aliyokaa Livingstone pale Kwihara imetunzwa, na watu huenda kuitazama. Mwaka 2006 nchi yetu iliipeleka njia ile ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ni jambo jema. Lakini urithi wa wanawake waliopita njia hiyo na mtoto mgongoni haumo katika kuta za nyumba yoyote. Umo katika vichwa vya wazee wetu, na wazee hao wanakwisha.

Kwa hiyo nausoma upya msemo wetu. Mama wa bibi yangu hakukataa kwao; alinyang'anywa. Bibi hakukataa pia, maana alitupa kila alichobakiwa nacho, hata wimbo asioujua maana. Mkataa kwao ni sisi tunaoona haya kwa niaba yao, tukawasifu waliobeba mizigo na kuwaficha waliofanywa mzigo.

Kama bado una bibi, leo usimpelekee sukari peke yake. Kaa naye, umuulize mama yake alitoka wapi, kisha uandike. Na jibu likiwa la uchungu, lisome mbele ya wakwe.

Hadi juma lijalo, nawatakieni heri.