Mchanga Unaozuia Bahari



Tulipokwenda Mombasa kwa semina, wenyeji walitutembeza Mama Ngina, kando ya bahari. Familia zilikuwa zinakula mihogo na pilipili na kunywa madafu. Meli zilipita karibu, zikiingia bandari ya Kilindini, kunakoshukia bidhaa nyingi za maduka yetu ya Butembo. Kesho yake tukafika ufuo wa Jomo Kenyatta. Ngamia walibeba watoto, vijana walielea juu ya mipira ya matairi.

Mama mmoja wa Beni kati yetu, aliyezika watoto wake wawili waliouawa, alikataa kukaribia maji. Aliona haya kufurahi huku nyumbani watu wanalia. Tukaketi naye mchangani. Wimbi likaja likinguruma, likafika miguuni petu, likarudi. Akauliza, "Ni nini kinalizuia?" Ni mchanga tu.

Yeremia 5:22 inatufundisha kwamba Mungu ndiye aliyeuweka mchanga kuwa mpaka wa bahari. Mama akasema, "Mbona wauaji hawakuwekewa mpaka?" Tukanyamaza. Tangu 2014 Beni inauliza hivyo, nasi tungali tunamwuliza Bwana kwa machozi. Lakini tunaamini kwamba uovu nao una mwisho wake, na Mungu anaujua.

Tena tukumbuke Marko 6: Yohana alipokwisha kuzikwa, Yesu aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike. Kupumzika si kuwasahau wafu wetu.

Jioni mama yule akavua viatu. Tukamshika mkono, akaingia majini hadi magotini, akacheka huku analia.

Wapendwa, jirani yako mwenye msiba, mshike mkono leo. Amina.