Njia ya Wapagazi



Mtu aondokaye Babati asubuhi hufika Dodoma siku ile ile, wala miguu yake haipati vumbi. Barabara hiyo ya lami, kilometa 251, ilifunguliwa mwaka 2018. Basi yafaa tuwakumbuke waliotangulia kupita nchi hizi kwa miguu.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora hata Ujiji. Misafara mingine ilitoka Pangani, na Kondoa Irangi, kusini yetu, ikawa kituo cha wafanya biashara wa pwani. Kwenda bara walichukua merikani, kaniki, ushanga na masango. Kurudi walichukua pembe za ndovu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani ratili 70.

Je, msafara uliishi kwa nini? Wengine watasema kwa bunduki. Sivyo, uliishi kwa maji na nafaka. Hapana mpagazi awezaye kuchukua mzigo wa tajiri pamoja na posho yake ya miezi. Kwa hiyo njia ilifuata visima, na mashamba ya watu waliokuwa na chakula cha kuuza. Sisi tukaao karibu na Ziwa Babati, chini ya mlima Kwaraa, twalielewa jambo hili. Mwenye jembe ndiye aliyeishika njia ile, ijapokuwa sifa walipewa wenye pembe.

Wala tusifiche neno la huzuni. Katika njia hizo walipita pia watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kupita, nao hawakurudi kwao.

Basi, walimu, nawaomba jambo moja. Wapelekeni watoto kwa wazee, wakaulize majina ya visima vya kale, vivuko na mahali pa kambi, kisha wayaandike. Lami hufunika nyayo upesi. Tusipoandika sisi, watoto wetu watadhani njia hii ilianza na motokaa, nao hawatajua ilichukuliwa kwa mabega ya nani.