Mtoto Anaporudi Nyumbani

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu



Nimeombwa niseme machache juu ya vijana waliopotea njia. Mimi si mwalimu wala tabibu. Ni mfanyabiashara wa mahindi na maharage, na elimu yangu iliishia sekondari. Nitakayoyasema niliyapata ghalani kwangu, na sehemu yake naisema kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja aliyekuwa akinibebea magunia pale Chala alivunja kufuli usiku, akachukua magunia mawili ya maharage. Alikuwa amezoea gongo na bangi. Alipokamatwa, nilisema mbele za watu kwamba afungwe mpaka azeeke. Afisa Ustawi wa Jamii akaja dukani, akaniuliza umri wake. Sikuujua. Kumbe alikuwa na miaka 16, nami nilimbebesha magunia bila kuuliza.

Afisa yule akanifundisha jambo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Akisubiri kesi, anaweza kuwekwa katika mahabusu ya watoto, na moja ipo Mbeya. Akipatikana na hatia, mahakama yaweza kumwacha nyumbani chini ya uangalizi, au kumpeleka Shule ya Maadilisho Irambo, huko huko Mbeya. Huko mtoto husoma, hufundishwa kazi za mikono na hupewa ushauri nasaha. Kijana wetu alipelekwa Irambo.

Ndugu zangu, ninyi mnaijua njia hiyo: Sumbawanga, Laela, Tunduma, ndipo Mbeya. Mama yake, mjane mwenye shamba dogo la ulezi, alipata nauli ya kwenda kumwona mara moja tu. Lori langu lilipita Mbeya kila mwezi wakati wa mavuno. Hata siku moja sikumwambia dereva ampakie mama yule.

Kijana akarudi akiwa amejifunza useremala. Alikuja dukani, akasimama nje ya mlango, akasema, "Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba radhi." Niliitika marahaba, nikaendelea kuhesabu fedha. Mtaani watu walificha majembe yao alipopita. Hakuna aliyempa hata mlango wa kutengeneza. Baada ya miezi michache alikuwa amerudi kilabuni.

Hapo nilielewa kwamba serikali ilikuwa imefanya sehemu yake, nami sikuwa nimefanya yangu. Makazi ya malezi humshika mtoto kwa muda. Muda ukiisha humrudisha kwetu, na kama sisi hatukubadilika, atarudi kwenye hali ile ile iliyomharibu. Udongo uwahi ungali maji. Nami niliuacha ukauke mlangoni pangu.

Nilirudi kwa afisa yule kuomba msaada. Sasa kijana alikuwa mtu mzima, na njia yake ilikuwa nyingine. Kwa watu wazima walionaswa na ulevi na dawa za kulevya, ipo huduma ya Itega, Dodoma, chini ya Hospitali ya Mirembe. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, zilizoenea sana Unguja na katika miji mikubwa ya Bara, ambamo waliokwisha kuacha huwasaidia wanaoanza kuacha. Wengi wamesikia habari za methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Hiyo ni kwa wale wa heroini. Gongo na bangi hazina dawa ya namna hiyo. Mlevi wa gongo anahitaji usimamizi wa daktari anapoacha, kisha ushauri, muda, na watu wa kukaa naye. Tusidhani pia kwamba katazo peke yake latosha. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini gongo ingali inapikwa.

Nasi Wahindu tusidhani kwamba jambo hili ni la jirani. Mtoto wetu akinaswa, tunampeleka kwa mjomba mji wa mbali, tunasema yuko masomoni. Aibu yetu humchelewesha kupata tiba.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mwenye gari lielekealo Mbeya au Dodoma ampe nafasi mzazi aendaye kumwona mwanawe. Pili, kila mwenye duka, karakana au mashine ya kusaga amchukue kijana mmoja aliyerudi, kwa ujira wa haki na kazi inayolingana na umri wake. Tatu, anayeomba radhi ajibiwe. Sisi tunaita seva, utumishi usiotaka malipo. Tunaosha sakafu ya hekalu kwa furaha. Basi tumwone na aliyesimama nje ya mlango.

Mtaniuliza kijana yule yuko wapi. Alitibiwa, akarudi, akaanguka mara moja, akainuka tena. Leo ni fundi wa milango na madirisha, na funguo za ghala langu anazo. Sijui kesho yake, kama nisivyoijua yangu. Ninalojua ni kwamba akija asubuhi na kunisalimu, naacha kuhesabu.